Chuma ndani ya njia ya mkwaruzo: utando wa MoS2 umekwisha kweli?

Msuguano_Nakuru
Habari wadau. Nina visahani vya chuma vyenye utando wa kilainishi cha molibdeni disulfidi (MoS2), unene mikroni 1 hivi. Jaribio la kigololi, yaani kigololi kinasuguliwa juu ya kisahani, limefanyika hapa Nakuru hewani, wiki ya mvua: kipimo cha msuguano kilianza 0.06 kikapanda hadi 0.2. Kwenye hadubini ya elektroni, kV 15, eksirei zinaonyesha chuma ndani ya njia ya mkwaruzo, na kilele kimoja kinene karibu na keV 2.3. Uwiano wa salfa kwa molibdeni unarukaruka, mara 1.3, mara 2.1. Sampuli ilifutwa kwa pamba na ethanoli kwanza. Utando umekwisha?

Ziwani_Kisumu
Usiuzike bado. Kwa kV 15 elektroni huzama kama mikroni 1.6 ndani ya MoS2, yaani zinaupita utando wako na kugonga chuma cha chini hata pale kigololi hakikukanyaga. Pima nje ya njia kwanza. Kisha shuka hadi kV 5, ambapo mwale huishia robo ya mikroni tu. Kilele cha chuma cha keV 0.7 kikiendelea kuonekana hapo, ndipo useme utando umetoboka.

Hicho kilele kinene ni vilele viwili: salfa keV 2.307, molibdeni keV 2.293. Tofauti ni eV 14, na kigunduzi cha kawaida hakitenganishi kitu kilichokaribiana hivyo. Programu inayokokotoa uwiano inabahatisha, kwa hiyo uwiano huo usiingie kwenye ripoti. Tumia spektrometa ya fuwele, inayotenganisha vilele vilivyokaribiana, au Raman, kipimo cha mwanga wa leza: MoS2 hutoa vilele vya 383 na 408 cm⁻¹, na oksidi ya MoO3 ikiwepo utaiona karibu na 820.

Kufuta kwa ethanoli ndiko kulikoharibu. Vumbi la mkwaruzo ni sehemu ya kilainishi, nanyi mmelitupa na pamba. Kigololi kiko wapi?

Msuguano_Nakuru
Kigololi kipo, hakijaguswa. Nje ya njia chuma kipo vilevile, pungufu kidogo. Sasa 0.2 imetoka wapi?

Kakamega_Tando
Imetoka hewani, mkuu. MoS2 huteleza vizuri kwenye ombwe au nitrojeni kavu. Kwenye unyevu, 0.15 hadi 0.2 ni kawaida yake. Chuma kikavu kwa chuma kingekupeleka 0.5 na zaidi. Rudisha kigololi kilekile kwenye njia ileile, upulizie nitrojeni kavu. Msuguano ukishuka chini ya 0.05, utando upo.

Kigololi kipige picha kabla ya kukirudisha, bila kukiosha: doa la kijivu lenye kung'aa ni utando uliohamia, na likiwa limekatikakatika, hapo kuna shida.

Ukitaka kuona tabaka zenyewe, kata kipande chembamba kwa mwale wa ioni za galiamu, lakini weka platinamu juu kwanza, tabaka la mwanzo kwa elektroni, maana galiamu ya kV 30 huvuruga nanomita 20 au zaidi za juu, na hapo ndipo penye habari. Malizia kwa kV 5, kisha 2, kipande kiwe chini ya nanomita 100 ili elektroni za hadubini zikipenye. Ndani ya njia tafuta mistari ya tabaka iliyolala sambamba na uso, ikiachana nanomita 0.62. Nje ya njia mara nyingi utaikuta imesimama wima.

Sampuli zikae kwenye chombo kilichofungwa chenye silika jeli. Silika ikigeuka rangi, ikaushe upya.