Kikundi cha Ukoo, Urambo: ekari hamsini za Mzee na mkataba wa umeme wa jua

Baba Mkubwa: Ndugu zangu na wanangu, habari za jioni. Ile kampuni ya umeme wa jua imerudi na rasimu ya mkataba, na vijana wake wanataka tutie saini Jumamosi hii mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Wanazihitaji ekari hamsini zote za marehemu Mzee kwa miaka 25, kwa kodi ya shilingi laki mbili kwa ekari kila mwaka. Nimezipiga picha kurasa zote saba, na ninaomba kila mmoja asome kabla ya kusema.

Baba Mdogo Kaliua: Kaka, nimesoma na sioni la kubishania. Hiyo ni milioni kumi kwa mwaka bila mbolea, bila kukesha kwenye bani la kukaushia tumbaku na bila kugombana na wapima tumbaku siku ya soko. Kishapu kule Shinyanga wamepata mradi wa jua wa megawati 150, na sisi tukikaa kujadiliana tu, hawa wageni watahamia kwa jirani.

Shangazi Sikonge: Kaka, ukurasa wa nne hausomeki. Kidole chako kimefunika ibara mbili nzima.

Baba Mkubwa: Samahani dada, nimeutuma upya.

Dada Wakili: Shikamooni wazazi wetu. Baba Mdogo, kwa heshima zote, mradi wa Kishapu ni wa TANESCO yenyewe, shirika la umeme la taifa, hivyo anayejenga ndiye mwenye gridi. Kampuni hii ni ya watu binafsi, na hata ikijenga italazimika kuiuzia TANESCO. Rasimu haitaji mahali popote kwamba mkataba wa kuuziana umeme umekwisha kupatikana, na bila mkataba huo hakuna benki itakayowakopesha fedha za ujenzi. Kwa maneno mengine, tunaombwa kulifunga shamba kwa ajili ya mradi ambao bado uko kwenye makaratasi.

Ndiyo maana ukurasa wa pili una kile wanachokiita kipindi cha upembuzi, yaani cha kuchunguza kama mradi unafaa, cha miaka mitatu, ambacho wanaweza kukiongeza kwa hiari yao. Katika muda huo tutalipwa laki tano tu kwa mwaka kwa shamba zima, si kwa ekari, na haturuhusiwi kumkodisha mtu mwingine. Laki mbili kwa ekari zinaanza siku umeme utakapoanza kuuzwa, siku ambayo huenda isifike.

Baba Mdogo Kaliua: Hilo la miaka mitatu sikuliona.

Kaka Fundi Tabora Mjini: Shikamooni. Niongeze upande wa umeme. Jua la kutosha liko kila mahali kuanzia Igunga hadi Kaliua, kwa hiyo si jua lililowaleta kwetu. Wamefuata njia ya umeme ya kilovolti 132 itokayo Tabora kuja Urambo, kwa sababu kila kilomita ya kujiunganisha na gridi wanailipia wao. Megawati moja huchukua takribani ekari nne hadi saba, na kwa ekari hamsini nadhani wanalenga megawati 10, ambazo ndizo ukomo wa miradi inayohesabiwa kuwa midogo. Jirani anayesemwa ana ekari kumi na nane na korongo katikati. Kwa hiyo Baba Mdogo asiwe na haraka sana, maana wao wanatuhitaji kuliko wanavyotuonyesha.

Shangazi Sikonge: Na hizo laki mbili zinabaki laki mbili hadi mwisho?

Dada Wakili: Ndiyo Shangazi, rasimu haina nyongeza yoyote. Tuchukulie bei zinapanda kwa asilimia 4 kwa mwaka, ambayo iko ndani ya lengo la Benki Kuu la asilimia 3 hadi 5: laki mbili za mwaka wa 25 zitanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa elfu sabini na tano hivi. Zamani tungeomba bei iandikwe kwa dola, lakini tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kupanga bei kwa fedha za kigeni katika biashara za ndani, kwa hiyo kinga yetu ni nyongeza ya kila mwaka inayofuata mfumuko wa bei, yenye kiwango cha chini kilichoandikwa kwa tarakimu.

Hata hivyo kodi si jambo linaloninyima usingizi. Rudini ukurasa wa nne, ile ibara iliyokuwa imefunikwa. Inasema wamiliki wanaridhia ardhi ihawilishwe kutoka ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla, yaani isiyo tena chini ya kijiji, kwa ajili ya mradi. Kukodisha ni jambo moja na kuhawilisha ni jingine kabisa. Mtu akikodi shamba lako, miaka ikiisha anakurudishia. Ardhi ikihawilishwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, inatoka mikononi mwa kijiji, hati yetu ya kimila inakoma, na mradi ukifa au muda ukiisha ardhi hairudi kijijini yenyewe. Wala tusidhani uamuzi utachukuliwa mbali nasi: eneo lisilozidi hekta 250 huidhinishwa na mkutano mkuu wa kijiji, yaani majirani zetu wakinyoosha mikono.

Sababu yao ninaielewa, kwa kuwa asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na kwa njia hiyo ardhi ya kijiji haitumiki kabla haijahawilishwa. Basi tuwaulize kwa maandishi wanahisa wao ni akina nani. Ikiwa wengi ni Watanzania, upangishaji wa kawaida ulioridhiwa na halmashauri ya kijiji unaweza kutosha. Ikiwa sivyo, tutake ardhi ipimwe na hati itoke kwanza kwa jina la familia, kisha wao wapange kwetu.

Baba Mkubwa: Mwanangu, hapo umenigusa. Waingereza walifyeka misitu ya Urambo hii hii kwa ajili ya mradi wa karanga, na mwaka 1951 wakaufuta. Hawa nao wakiondoka, nani ataung'oa msitu wa vyuma na zege?

Dada Wakili: Rasimu inasema kampuni "itajitahidi" kuondoa mitambo. Tuandike kwamba italazimika, ndani ya miezi sita, na kwamba kuanzia mwaka wa kumi itaweka benki dhamana ya gharama hiyo, kwa sababu kampuni iliyofilisika haishitakiki kwa faida. Tuandike pia kwamba haitauhamisha mkataba kwenda kwa kampuni nyingine bila kutuarifu, na kwamba anayeupokea anarithi madeni yote.

Shangazi Sikonge: Mimi ninataka mizinga yangu ya upande wa mashariki ibaki. Nyuki hawali vioo.

Kaka Fundi Tabora Mjini: Inawezekana Shangazi, ila miembe ya mpakani itakatwa kwa sababu ya kivuli. Ilipwe kwa tathmini ya mthamini aliyesajiliwa, si kwa kukisia.

Baba Mdogo Kaliua: Nimeelewa. Basi Jumamosi hatutii saini, lakini barua iandikwe kwa lugha ya upole, nisije nikalaumiwa kwamba tuliwafukuza. Na upembuzi walipie kwa ekari, usizidi miaka miwili, nasi tuendelee kulima mahindi na karanga hadi siku ya ujenzi.

Dada Wakili: Nitaleta rasimu ya barua hapa kesho jioni. Lakini kuna swali ambalo kampuni haijauliza, na linanitia shaka kwamba haijauliza: nani atasaini? Hati bado ina jina la marehemu Babu, na mpaka leo hatuna msimamizi wa mirathi.

Baba Mkubwa: Tulifanya kikao cha ukoo baada ya arobaini na nikapendekezwa, ila mahakamani sikwenda. Jumatatu nitakwenda Mahakama ya Mwanzo. Muhtasari wa kikao ninao. Cheti cha kifo kiko kwa nani?

Shangazi Sikonge: Ninacho mimi, kaka. Nitampa dereva wa basi la Jumapili asubuhi.