Shabaha za kuning'inia uwani zinazungushwa na upepo, nifanyeje?

Mpemba_Leicester:
Wakuu, salaam. Niko Leicester, Uingereza. Nina bunduki ya upepo ya 5.5 mm, ile ambayo nguvu yake haizidi futi-paundi 12 (kipimo cha nguvu ya risasi inapotoka mtutuni), kwa hiyo hapa haihitaji leseni. Nalenga uwani, mita 18 hadi kwenye uzio. Nimeunga fremu ya mbao kama goli dogo, nikatundika makopo ya maharage na kadi za shabaha kwa kamba. Upepo ukija, kadi inanigeuzia ubavu, naona mstari tu kwenye darubini. Juzi nilisubiri itulie mpaka vidole vikafa ganzi. Na kamba zenyewe zinakatwa na risasi. Naombeni maarifa.

FundiMbao:
Kamba moja ndiyo inayokuponza. Kitu kilichotundikwa kwa kamba moja hakina budi kuzunguka. Tia mbili, kila pembe yake, na juu ziachane kuliko chini. Kwenye makopo weka mnyororo mwembamba badala ya kamba. Kadi igandishe kwenye ubao mwepesi, kisha chini toboa matundu mawili, pitisha vipande vya tyubu ya baiskeli ufunge kwenye upau wa chini wa fremu. Usivikaze sana. Vikiwa na ulegevu kidogo, shabaha ikipigwa inacheza na kurudi mahali pake.

BabaZuhura:
Ndugu yangu, nyuma ya hiyo fremu kuna nini? Uzio wa mbao hauaminiki hata kidogo, na hapo England risasi ikivuka mpaka wa kwako bila idhini ya jirani ni kosa, hata kama haikumgusa mtu. Nakuomba usifyatue tena kabla hujaweka boksi pana la mbao lililojaa mchanga, lipite shabaha kila upande.

Mpemba_Leicester:
Nina zulia kuukuu tu pale, nimelikunja mara mbili. Nimekuelewa, nasimamisha kwanza.

Kipanga77:
Ukija kutundika bamba la chuma, toboa juu, pitisha bolti ndefu, na mnyororo uushike mkia wa bolti nyuma ya bamba. Bamba litainama mbele lenyewe na vipande vya risasi vitaruka kuelekea chini. Miwani ya kinga vaa hata hivyo. Gololi za chuma usipige kabisa kwenye bamba, zinarudi. Na ukimaliza nawa mikono kabla ya kula, hizo risasi ni za madini ya risasi (lead), ni sumu.
Kuhusu upepo: funga uzi wa sufi karibu na shabaha, na mwingine kwenye darubini. Ukiona zote mbili zimelala, fyatua.

Wa_Nakuru:
Kwa wanaosoma wakiwa Kenya: huku bunduki ya upepo ni silaha kwa mujibu wa Sura ya 114 ya sheria za Kenya, ile ya silaha, inahitaji cheti. Msiagize kwa kuona wenzetu wanalenga uwani.

Mpemba_Leicester:
Mrejesho, wakuu. Boksi la mchanga limekaa, kina sentimita 30, nimelisogeza mbele ya uzio. Kamba mbili na tyubu zimefanya kazi: leo majani ya mti yalikuwa yanapepea na kadi imenitazama muda wote. Risasi kumi, nane zimeingia kwenye duara la ukubwa wa kifuniko cha soda. Mbili zimekwenda kushoto, nilifyatua uzi ukiwa bado umeinuka. BabaZuhura, asante sana. Kwenye lile zulia nimekuta tundu limetokea upande wa pili.