Vipande vya kutafuna kwenye juisi ya nanasi

Ujiji_Juisi: Wakuu, Mogu Mogu, kinywaji cha matunda cha Thailand, imevuka bahari kwa vile vipande vyake vya kutafuna. Nataka kutengeneza ya nanasi, niipeleke Bujumbura na Kalemie. Vipande vinazama vyote. Nakosea wapi?

Fundi_Nata: Kwanza nata yenyewe, yaani hivyo vipande: ni utando mnene wa kutafuna ambao bakteria huutengeneza juu ya juisi. Juisi ya nanasi inafaa kama maji ya nazi. Chemsha na sukari gramu 100 kwa lita, siki mpaka pH 4 hivi. Ipoe kabisa ndipo utie mbegu ya bakteria wa nata (maji ya kuanzishia yenye bakteria hai), asilimia 10. Juisi ikiwa bado ya moto, utawaua bakteria. Funika kwa kitambaa, nyuzi 28 hadi 30, siku 8 hadi 14. Beseni usiliguse! Likitikisika utando unazama, mwingine unaanza juu, unaambulia tabaka jembamba.

Kibirizi: Kata utando vipande, loweka ukibadilisha maji hadi harufu ya siki iishe, chemsha. Dawa ya kuzama ni gamu ya gellan, unga wa kuzitisha kinywaji ili kishikilie vipande, gramu 0.3 hivi kwa lita, ikorogwe kwenye maji ya nyuzi 90. Mdomo wa chupa uwe mpana.

Fundi_Nata: Na alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) kabla ya kupakia boti, ndugu yangu.