Ni makosa gani yanayowaangusha watu kwenye usaili wa mahojiano?

Mwana wa Manyoni
Ndugu zangu, habari za majukumu. Nimefaulu usaili wa mchujo kwa kada ya Afisa Kilimo Msaidizi na nimeitwa Dodoma kwa usaili wa mahojiano. Wenzangu kadhaa waliofanya vizuri chuoni wamekwama katika hatua hii na hawajui walikosea wapi. Naomba ushauri, hasa wa waliowahi kukaa upande wa wasaili.

Kaka wa Makole
Hongera. Kosa la kwanza hutokea kabla hujaulizwa swali lolote, nalo ni vyeti. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, chombo cha serikali kinachoendesha usaili huu, husema wazi kwamba msailiwa aje na vyeti halisi, kikiwemo cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, na kwamba hati za matokeo ya muda hazikubaliki. Hata hivyo hakosekani mtu anayefika na nakala akidhani muhuri wa wakili utamwokoa. Beba kitambulisho, na ulale Dodoma usiku wa kuamkia usaili, kwa sababu basi likiharibika njiani hakuna atakayekusubiri.

Mama wa Kizota
Nimewahi kuwa kwenye jopo. Wengi huangushwa na majibu ya kukariri. Ukimwomba mtu ajieleze, anaanzia shule ya msingi na idadi ya ndugu zake, kisha anasema anajituma na anaweza kufanya kazi na watu wa aina zote, na muda unakwisha bila jopo kujua anaweza kazi gani. Tuliwahi kuuliza: mkulima wa Kongwa analalamika kuwa mahindi yake yanaliwa, utamsaidiaje? Karibu wote walijibu kwamba watampa elimu. Elimu gani? Kijana mmoja alisema angeomba kwanza kulifikia shamba, afunue moyo wa muhindi atafute kinyesi kinachofanana na unga wa mbao, kisha amwangalie kiwavi kichwani kama ana alama ya herufi Y iliyopinduliwa, ambayo ni dalili ya kiwavijeshi vamizi. Na kwamba dawa hufaa zaidi viwavi wakiwa bado wadogo. Tai yake ilikuwa imekaa upande, wala hakuna aliyejali. Na swali usilolijua, sema hulijui. Kubahatisha huonekana upesi.

Mkazi wa Nkuhungu
Naafikiana na Mama, ingawa kuhusu tai nisingekushauri ujaribu bahati. Usimseme vibaya mwajiri wako wa zamani, hata kama alikudhulumu.

Mwana wa Manyoni
Shikamoo Mama, na asanteni nyote. Nina shaka moja: cheti changu cha kuzaliwa kina majina matatu, lakini cha kidato cha nne kina mawili tu.

Kaka wa Makole
Lishughulikie leo. Majina yakitofautiana hutakiwa hati ya kisheria ya majina (deed poll), ambayo huandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati, na usajili huo haufanyiki asubuhi ya usaili.