Mikindani hadi Mtwara mjini kila siku: skuta, Boxer 100, HLX 125 au SanLG ya mtumba?

bi_magengeni
Habari za jioni wadau. Naishi Mikindani, kazini Shangani. Kwenda ni kama kilomita 11, kurudi hivyo hivyo. Daladala nimezichoka, si kwa nauli, ni kwa kusubiri lijae wakati saa mbili kasorobo natakiwa niwe nimeshakaa dirishani. Boda kila siku nayo inakula mshahara. Nimeamua kununua chombo changu.

Pikipiki sijawahi kuendesha, baiskeli naijua vizuri. Nina milioni mbili na nusu, nikibanwa sana naongeza laki tatu, na humo humo itoke kofia ngumu na bima. Navaa gauni au baibui siku zote.

Nilizoangalia: skuta ya mtumba ya sisi (cc) 110 isiyo na gia, mwenyewe yuko Dar, anataka milioni moja na laki nane. Boxer BM 100 mpya, dukani wameniambia milioni mbili na laki nne. TVS HLX 125 mpya, hiyo imepita kidogo milioni mbili na nusu. Na jirani ananiuzia SanLG 150 yake kwa milioni moja na laki mbili.

Lami ni nzuri mpaka mjini. Ila nikiacha barabara kuu kwenda nyumbani kuna kipande cha mchanga na mawe, kinapanda, si kirefu lakini mvua za Januari pale panatisha. Naombeni ushauri. Wale wa "mwanamke na pikipiki wapi na wapi" leo pumzikeni.

Fundi_Chikongola
Karibu dada. Naanza na skuta maana naona moyo wako uko huko.

Kwenye lami skuta ni chombo cha raha. Haina klachi, breki zote mbili ziko mkononi kama baiskeli, unakaa umebana miguu, gauni halisumbui. Mtu akianza kujifunza asubuhi, jioni anazunguka mtaa. Tatizo ni tairi. Skuta nyingi zina tairi la inchi 10 au 12, wakati Boxer na HLX ni 17 mbele na nyuma. Tairi dogo likiingia kwenye mchanga wa kina linazama, usukani unakatika upande, na wewe hata hujajua kimetokea nini. Hicho kipande chako kifupi ndicho kitakachokuangusha, hizo kilomita 11 za lami hazina neno.

La pili ni mkanda. Skuta haina mnyororo, ina mkanda wa mpira ndani ya boksi la pembeni kushoto, na rola zinazosogea ndiyo zinabadilisha mwendo. Boksi linavuta hewa ya kujipoza, na hewa yetu ina vumbi la kutosha. Mkanda ukikatika hapa Mtwara unapiga simu Kariakoo, unasubiri basi. Mnyororo wa Boxer ukikatika, pini ya kuungia unaipata mpaka duka linalouza sukari na mafuta ya taa.

mkali_wa_rahaleo
Chukua 150 mara moja. Hizo 100 na 125 utazichoka baada ya miezi mitatu. SanLG ya jirani kwa 1.2 ni bei ya bure, inayobaki unafungia mwaka.

Mzee_wa_Kadi
Mkali, unamshauri mtu ambaye hajawahi kushika klachi? Halafu kuna suala la leseni. Daraja A1 ni la pikipiki isiyozidi sisi 125. Ukipanda juu ya hapo unahitaji daraja A. Kwa hiyo Boxer 100 na HLX 125 zote anaingia na A1, hiyo SanLG hapana. Aende chuo cha udereva, achukue leseni ya kujifunzia, afanye mtihani wa trafiki, ndipo aingie barabarani.

Na hiyo ya jirani, dada, kabla hujatoa hata shilingi omba kadi halisi ya pikipiki, siyo kopi. Linganisha namba ya chesisi iliyopigwa kwenye chuma cha shingo ya usukani na iliyoandikwa kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Pikipiki nyingi za huku zimenunuliwa kwa mkopo au kwa mkataba, mtu anauza na deni bado liko. Umiliki mkaubadilishe TRA wote wawili mkiwepo. "Nitakuja kukusainia baadaye" msiikubali, hata kama mnachota maji kisima kimoja.

Fundi_Chikongola
Naongezea hapo kwa Mzee. Nenda kwa jirani alfajiri bila kumwambia. Kabla hajapiga kiki, weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, ameiwasha kabla hujafika ili kuficha ugonjwa wa kugoma kuwaka ikiwa baridi. Ikishawaka tazama ekzosi: moshi wa bluu unaoendelea ni ringi za pistoni zimechoka, oili inaungua. Kisha nenda nyuma, shika mnyororo pale katikati ya mzunguko wa spoketi kubwa, uvute kwa nyuma. Ukinyanyuka mpaka ukaona jino zima, mnyororo na spoketi vyote vimekwisha, kata hiyo pesa kwenye bei. Mwisho isimamishe kwa stendi kubwa, mtu akalie nyuma ili tairi la mbele lining'inie, uzungushe usukani taratibu. Ukihisi unakwama katikati kama umeingia kwenye tundu, bearing za shingo zimekufa.

Na Mikindani mko na chumvi ya bahari. Pikipiki iliyolala nje miaka mitatu, kagua spoku na chini ya tenki, kutu huanzia huko.

Mtoto_wa_Darajani
Mimi ni wa Unguja, niko Mtwara kikazi. Nyie wa bara mnaionea skuta. Kwetu wake kwa waume wanazipanda, na mchanga kwetu upo. Ila kwa kilima cha mchanga wenye mawe nakubaliana na fundi.

Lakini mbona hakuna aliyetaja pikipiki za aina ya Cub? Honda walianza kuzitoa mwaka 1958, na ilipofika 2017 walishatengeneza zaidi ya milioni 100, hakuna chombo cha injini kilichowahi kufikia hapo. Katikati pako wazi, unapitisha mguu bila kupandisha gauni, gia unabadilisha kwa mguu bila klachi ya mkononi, na tairi zake ni inchi 17 kama Boxer. Dada kwa mavazi yake hii ndiyo dawa, nzima ikipatikana.

Mzee_wa_Kadi
Akiipata Unguja ajue kuna safari ya pili. Ikiwa na namba za Z, yaani za usajili wa Zanzibar, kuileta bara ni kulipia tofauti ya kodi na kuisajili upya. Bei inayoonekana rahisi bandarini Malindi, kule Unguja, siyo itakayofika Mikindani.

bi_magengeni
Asanteni sana. Skuta ya Dar naiacha, nilikuwa nimeshaipenda rangi yake tu. Cub nitaulizia lakini siwezi kungoja. Sasa nichagulieni: Boxer 100 au HLX 125? Na suala la baibui mbona hamligusi?

boda_wa_bima
Dada mimi nipo kijiweni na barabara hiyo ni yangu kila siku. Boxer 100 ni nyepesi, ukidondoka unainua mwenyewe, gia nne, mafuta inanusa tu. Ila kuna kitu hawajakwambia. Barabara ya Mikindani siku hizi ina malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma kwenda bandarini, na ya saruji. Lori likikupita, upepo wake unakusukuma nje kwanza, halafu linapomaliza kupita unakuvuta ndani, upande wake. Mgeni anashtuka kwenye huo wa pili. Ukiwa kwenye Boxer 100 na umevaa baibui lililojaa hewa, utalijua jiji. Shika usukani bila kukaza mikono, kaa katikati ya njia yako, usijibanze ukingoni kwenye mchanga. Na usiku usitembee, lile eneo la kuingia Mikindani mbuzi wanalala kwenye lami.

Mimi kwangu Boxer 100 ni ya kubeba mtu mmoja mjini. Kupanda kilima chako ukiwa na mzigo wa soko na mtoto nyuma, itabidi urudi gia ya kwanza.

Mwl_Mitwero
Salaam kutoka Lindi. Mwanamke mwenzangu, mimi nina HLX 125, natoka Mitwero kwenda shule upande wa Ng'apa. Nakujibu la baibui kwa sababu hawa kaka zetu hawalijui.

Usipande na baibui la wazi. Vaa suruali ndani, baibui likunjwe likaliwe au lifungwe kiunoni, ukifika unalishusha. Mtandio uingie ndani ya kofia ngumu, ncha zisining'inie mgongoni. Nguo ikishikwa na mnyororo au spoku haina cha kujadiliana. Pikipiki za Kihindi nyingi zinakuja na kikinga mnyororo kirefu na kile chuma cha kuzuia nguo pembeni ya tairi la nyuma, upande wa kushoto. Vijana wa boda huvifungua wapunguze kelele. Wewe ukikuta vimo, usiruhusu fundi yeyote avitoe (samahani Fundi).

Urefu pia. HLX ina kiti cha juu kidogo kuliko Boxer 100. Kaa juu yake pale dukani, ukanyage chini kwa miguu yote miwili. Nyayo zisipofika vizuri, chukua Boxer 100 na mjadala uishe.

Fundi_Chikongola
Umenipata mwalimu, hahaa. Nimevifungua vingi kweli, wateja wanaomba.

mkali_wa_rahaleo
Na za umeme je? Naziona Dar zinatembea kimya kimya.

Fundi_Chikongola
Betri ikifa huku unampelekea nani? Tusubiri kidogo.

Mzee_wa_Kadi
Mafuta yasimtishe mtu. Kilomita 22 kwa siku, 125 iliyotunzwa inakwenda karibu kilomita 50 kwa lita, yaani chini ya nusu lita. EWURA, wasimamizi wa bei za mafuta, wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Mtwara tuna orodha yetu kwa sababu meli za mafuta zinashusha hapa. Hata lita ikiwa elfu tatu, unatumia kama 1,300 kwa siku. Boxer 100 itakuokolea labda mia mbili hapo.

Nikiwa mimi ningechukua HLX, mradi miguu inafika. Na ningesubiri kidogo. Msimu wa korosho, kuanzia minada ya Oktoba, wakulima wakilipwa maduka yanajaa na muuzaji hana shida na wewe. Nenda baada ya Februari, utaongea naye vizuri. Kipindi hicho hata zilizonunuliwa Novemba zinaanza kurudi sokoni zikiwa bado na nailoni kwenye kiti.

bi_magengeni
Mzee hiyo ya nailoni imenikaa. Miguu inafika, leo mchana nimepita dukani nikaikalia HLX, nyayo zote chini. Muuzaji akaniuliza kama ni ya mume wangu.

Boda, una muda wa kunifundisha Jumapili?

boda_wa_bima
Muda upo. Chukua leseni ya kujifunzia kwanza, na suruali. Tutaanzia uwanja mgumu, klachi tu, bila hata kuvuta mafuta. Mchanga wa kwenu tutaenda ukishaweza kuzunguka mti bila kuweka mguu chini. Sheria yake moja: mchangani breki ya mbele usiiguse, gia ya pili, tazama mbali. Elfu ishirini kwa siku, mafuta yako.

mkali_wa_rahaleo
Elfu ishirini? Mimi namfundisha kwa kumi.

bi_magengeni
Kwa SanLG? Asante kaka, nabaki na Boda.