Kumbana mkimbizi asitoke kambini kunamlinda, au kunamrahisishia kazi dalali wa watu?

Mchuuzi wa Ujiji
Wadau, naona wengi mnasema dawa ya biashara ya watu kwenye kambi zetu za Kigoma ni kubana geti, yani mkimbizi asitoke kabisa maana akitoka ndo anaibiwa. Mi naona kinyume, na naomba tubishane kwa hoja.

Nauza dagaa, nashusha Kasulu mpaka Kahama. Siku moja niko kwenye basi, pale Makere, karibu na kambi ya Nyarugusu, kapanda mama mmoja na binti, ukimkadiria miaka 14 au 15, kavaa kitenge kipya hata hakijafuliwa bado kimekauka kama karatasi, miguuni kandambili moja nyekundu moja ya bluu. Nikampa karanga akasema "aksanti". Yule mama akamfinya paja nikiona kwa macho yangu, akamwambia kwa sauti ya chini sema asante. Hapo nikajua mtoto ni wa Kongo na ameshafundishwa namna ya kuongea huko anakopelekwa. Tulivyopita Kibondo kuna kizuizi, wakaguzi wakapanda, binti kibali cha kutoka kambini kiko wapi, hana, shuka. Mama akasema simjui huyu kakaa tu hapa. Basi likaondoka na mama yumo ndani, mtoto kabaki chini kakumbatia kirambo chake cha nguo anatuangalia.

Sasa nielezeni hapo kalindwa nani. Sheria ya wakimbizi ya 1998 inamfanya aliyetoka bila kibali kuwa mkosaji, na dalali anaijua kuliko sisi, ndo kamba anayomfungia mtoto: ukipiga kelele utakamatwa wewe. Na tunayo sheria nyingine ya 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu, ambayo inasema hata kama mtu alikubali kwenda, kukubali kwake hakumuokoi aliyemsafirisha. Sheria ni mbili ila barabarani inayofanya kazi ni moja.

Afu kuna njaa. Ule mpango wa kuwapa hela badala ya unga ulisitishwa 2017, masoko ya pamoja na wanavijiji yakafungwa, 2023 WFP, lile shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, wakapunguza mgao wa chakula mpaka nusu. Mzazi mwenye watoto sita na nusu mgao, akija mtu akasema nampeleka huyu mkubwa Dar kazi za ndani atakutumia hela kila mwezi, atakataa kwa kutumia nini?

Kibondo Asilia
Mchuuzi nimekusikia na roho imeniuma kwa huyo mtoto, lakini wewe unapita na basi, sisi tunaishi hapa. Kuna miaka mabasi ya njia hii yalikuwa hayatembei bila kusindikizwa na polisi, watu wanavuliwa mpaka viatu, bunduki zimevuka mpaka na vita. Misitu imeisha kwa kuni. Leo mnasema fungueni geti, je kati ya watakaotoka nani atajua yupi anatafuta maisha na yupi anatafuta watoto? Geti likiwa wazi dalali hahitaji hata kumficha mtoto, anapanda naye mchana kweupe. Mi nabaki na msimamo wangu, kambi ibanwe, ila mgao urudishwe kamili.

Fizi Kwetu
Mi nimekulia Nyarugusu, sasa niko Marekani. Ndugu wa Kibondo, dalali hapiti getini. Anaingia kwa mtu mnayemjua, anayeitwa shangazi, anayesali na nyie, anakuja wiki ya mwisho kabla ya mgao sababu anajua masufuria yako tupu. Jirani yetu alitoa binti wake hivo, simu ilipigwa mara mbili tu, ya kwanza mtoto anasema amefika, ya pili analia na mtu akaikata. Mama yake hakwenda kushitaki. Ataanzaje, wakati neno la kwanza ataulizwa mtoto alitoka na kibali cha nani? Hicho kibali ndicho kilitufunga midomo sote.

Msichana wa Eastleigh
Huku Kenya tulipitisha sheria mpya ya wakimbizi 2021, na Machi 2025 serikali ikazindua mpango unaoitwa Shirika wa kugeuza kambi za Kakuma na Dadaab ziwe makazi ya kawaida, watu wafanye kazi na wenyeji. Kwa karatasi ni poa sana, lakini mgao ulikatwa huo mwaka 2025 hadi watu wakaandamana Kakuma, na mtu mwenye njaa hata ukimpa uhuru wa kutembea bado atadanganywa na ajenti wa kazi za nchi za Ghuba. Kwa hivyo Mchuuzi, geti pekee si jibu, hata likifunguliwa.

Mchuuzi wa Ujiji
Eastleigh hapo nakubali kabisa, sikusema geti likifunguliwa basi yameisha. Ila Kibondo, wewe unaongea kama hatujawahi kujaribu. Warundi waliokimbia 1972 waliwekwa kwenye makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakapewa mashamba wakalima, na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 wakapewa uraia. Mtu mwenye shamba na gunia za mahindi ndani hamkabidhi mtoto wake kwa shangazi wa mtaani. Na Waukraine 2022, Ulaya iliwapa haki ya kuishi na kufanya kazi ndani ya siku chache, madalali walikuja vilevile mpakani kujifanya wanatoa lifti, lakini mtu mwenye karatasi halali ana mdomo, anaweza kumuita polisi bila kuogopa.

Mi ninachoomba ni kidogo tu kwa kuanzia. Mtoto akikutwa kwenye basi hana kibali, asiulizwe akiwa pembeni ya aliyekuja naye, atengwe, aongee na mtu anayejua Kibembe au Kirundi, na basi lisiondoke mpaka mtu mzima aliyekaa naye ahojiwe. Kibondo, ungekuwa wewe pale kizuizini ungemshusha nani?

Kibondo Asilia
Ningemshusha yule mama. Ila mtoto naye ningemrudisha kambini, hilo sijabadili.

Fizi Kwetu
Ukimrudisha, shangazi anakuja tena mwisho wa mwezi.