Binti yangu yuko kwenye matibabu, uvumilivu unaniishia. Naomba ushauri

MamaKimya: Wakuu, binti yangu ana miaka 15. Aligundulika ana sonona, akaanzishiwa dawa za sertralini na vikao vya ushauri nasaha. Wiki ya sita hii, sioni nafuu. Anabamiza milango. Jana kaniambia hata ninavyopumua kunamkera. Mnavumiliaje? Matusi hapana.

Kigoda: Malezi ya kisasa. Sisi tulitibiwa kwa fimbo tukapona.

Dada_Mkubwa: @Kigoda ulipona nini, mbona hasira bado unazo?

BabaWatatu: Pole dada. Wangu alichukua miezi minane. Kila kikao namsubiri nje dakika hamsini, mwisho nikajifunza kufuma. Nilimaliza sweta, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Analivaa mpaka leo.

ZamuYaUsiku: Mimi muuguzi. Dawa hizo huchukua wiki nne hadi sita, wengine hata nane, ndipo nafuu ionekane. Anameza kila siku?

MamaKimya: Alikuwa anameza vizuri tu.

ZamuYaUsiku: "Alikuwa"?

MamaKimya: Nilizificha Alhamisi iliyopita. Shangazi yake kasema zinaleta uteja. Msinihukumu, ninayekesha naye ni mimi. Nataka tubaki na vikao tu.

ZamuYaUsiku: Uteja hazileti. Ila ukizikatisha ghafla, mtoto hupata kizunguzungu, usingizi unaruka, hasira zinapanda. Huenda hicho ndicho unachokiona. Usimrudishie kwa kukisia, mpigie daktari wake leo umwambie ukweli. Na muulize binti waziwazi kama anawaza kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo.

Mpelelezi_Huru: Chai hii. Mwezi uliopita mleta mada alisema hapa kwamba hana mtoto.

MamaKimya: Ule uzi aliuandika mdogo wangu, simu tunachangia.

Mpelelezi_Huru: Simu ya ukoo.

Dada_Mkubwa: BabaWatatu, sweta ulitumia sindano namba ngapi?

MamaKimya: Nimempigia daktari, kasema twende kesho asubuhi. Binti nimemuuliza. Kanyamaza kidogo, kasema hapana, kisha kauliza kama nitalala chumbani kwake. Nilipotoa kopo kabatini nikakuta kikaratasi kimezungushiwa mpira, mwandiko wake: "Mama, zimebaki 19. Nimezihesabu."

Mpelelezi_Huru: Hapo kwenye kikaratasi umezidisha tangawizi.